Taarifa ya Ustawi na Mtoto wa Kisiwani

Katika mwambao huu wetu, kuanzia Somanga hadi Mchinga na kuendelea mpaka Lindi mjini, neno "ustawi" limepata maana ambayo waliolianzisha hawakuikusudia. Mke aliyechoka kudai matumizi ya watoto humwambia mumewe, "Basi tutaonana ustawi." Naye mume, akishapokea barua ya wito, huwaambia wenzake bandarini kwamba ustawi ni ofisi ya wanawake. Hivyo ofisi iliyowekwa kwa ajili ya mtoto imekuwa fimbo kwa huyu na mwiba kwa yule, na mtoto mwenyewe hatajwi. Shauri likitoka ofisini na kuingia mahakamani, manung'uniko hayo huwa malalamiko kamili: kwamba ofisa ustawi wa jamii alipendelea, kwamba hakufika nyumbani, kwamba aliandika aliyoambiwa na upande mmoja, na kwamba hakimu aliifuata karatasi yake neno kwa neno.

Malalamiko ya namna hii si mageni wala si ya Kilwa peke yake. Lakini hapa kwetu yana sura yake, kwa sababu ya bahari, ya masafa, na ya desturi za watu wa kusini, na ndiyo maana tumeona yafaa kuyazungumza kwa urefu. Hatutataja shauri la mtu yeyote. Mashauri ya watoto husikilizwa faragha kwa amri ya sheria, na faragha hiyo ni mali ya mtoto. Si ya ofisa, si ya hakimu, wala si ya gazeti. Tutasema juu ya utaratibu tu.

Tuanze na sheria, maana wengi wanaolalamika, na hata baadhi ya wanaolalamikiwa, huzungumza kana kwamba haijaandikwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 136, inaitaka mahakama, inapoamua nani akae na mtoto au nani atoe matunzo, ichukue kila inapowezekana ushauri wa mtu aliyefunzwa au mwenye uzoefu katika mambo ya ustawi wa watoto. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba mahakama hailazimiki kuufuata ushauri huo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaja kuutia nguvu wajibu huo. Iliunda Mahakama ya Watoto, ikataka ofisa ustawi wa jamii awepo mashauri yanaposikilizwa, ikaipa taarifa ya uchunguzi wa kijamii nafasi yake, na ikampa mtoto haki ya kusema maoni yake. Kanuni za mwenendo wa mahakama hiyo zilitolewa mwaka 2016. Sheria hiyo ya 2009 ndiyo pia iliyoifuta ile sheria ya kikoloni ya mwaka 1949 ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, ambayo kiwango chake cha matunzo, shilingi 100 kwa mwezi, kilibaki kuwa mzaha mchungu miaka mingi baada ya shilingi 100 kushindwa kununua hata mkate.

Ofisa ustawi wa jamii, basi, hakuvamia mahakama. Ameitwa na sheria awe macho ya hakimu. Hakimu aliyeketi Kilwa Masoko hawezi kwenda Songosongo kuona mtoto analala wapi, anakula nini, na anakwenda shule au anashinda pwani akiwasaidia wavuvi. Humtuma ofisa akaone kwa niaba yake. Malalamiko karibu yote tunayoyasikia yanarudi kwenye jambo hilo moja: je, ofisa alikwenda akaona, au aliketi akaandika?

Hapo ndipo inapobidi tuwe wakweli kwa pande zote mbili. Wilaya ya Kilwa peke yake ina zaidi ya kilometa za mraba 13,000, na sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu karibu laki tatu. Kutoka Masoko ofisa anatakiwa afike Kipatimu katika vilima vya Matumbi, afike Njinjo kando ya mto Matandu, afike Likawage, afike Pande, na tena avuke maji kwenda Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Songosongo. Ofisa huyo huyo ndiye anayeshughulikia wazee wasiojiweza, watu wenye ulemavu, watoto waliokinzana na sheria, vituo vya kulelea watoto wadogo, na wagonjwa waliotelekezwa hospitalini Kinyonga. Kwa hesabu ya siku za kazi katika mwaka, haiwezekani mtu mmoja au wawili wakayafanya hayo yote kwa miguu. Na bahari nayo ina kalenda yake. Wakati wa kusi, mashua ndogo haitoki kila siku. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara kuu ilikatika upande wa Somanga na mikoa ya kusini ikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Ndipo watu wa bara walipoonja kidogo maisha ya kila siku ya mtu wa kisiwani.

Lakini ukweli huo haumsaidii mama wa Songosongo ambaye shauri lake linaahirishwa mara ya tatu kwa kuwa "taarifa ya ustawi bado." Kila ahirisho kwake ni nauli ya boti, ni chakula cha siku mbili, ni kulala kwa jamaa Masoko au Kivinje, na ni kazi aliyoiacha. Na wakati shauri linasubiri, mtoto yuko kwa nani? Yuko kwa yule aliyemshika. Miezi ikipita, aliyemshika hupata hoja mpya, kwamba mtoto amekwisha zoea na haifai kumsumbua kwa kumhamisha. Hoja hiyo ina mashiko katika sheria: Sheria ya Ndoa yenyewe, katika kifungu cha 125, inaiagiza mahakama itazame ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha hamisha. Kwa hiyo kuchelewa kwa taarifa si jambo la makaratasi tu. Kuchelewa kwenyewe kunaamua shauri, na kunaamua kwa faida ya yule aliyemchukua mtoto kwanza.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Pasipo fungu la safari, hutokea katika utumishi wetu wa umma kile ambacho kila mwananchi amekwisha kiona mahali fulani: mwenye shida huombwa agharimie safari ya mtumishi. Lete mafuta ya pikipiki. Kodi boti. Huenda ofisa hana nia mbaya hata chembe. Anataka kazi ifanyike, na mzazi anataka shauri liishe. Lakini fikiri taarifa itakavyopokelewa. Baba ndiye aliyekodi boti, baba ndiye aliyempokea ofisa ufukweni, nyumba ya kwanza kuingia ni ya baba, na chai ikanywewa hapo. Baadaye ofisa anapita kwa mama kwa nusu saa kabla maji hayajatoka. Hata kama kila neno lililoandikwa ni la haki, mama huyo hataliamini, wala jirani zake hawataliamini, na sisi hatuoni kwa nini walaumiwe. Si halali mtu mmoja katika wagombanao awe mwenyeji, msafirishaji na mlipaji wa shahidi wa mahakama. Jambo hili likomeshwe kwa amri ya maandishi, na amri hiyo iambatane na fedha, maana amri bila fedha itazaa taarifa za kuandikwa mezani.

Inatia uchungu kidogo kukumbuka kwamba gesi ya Songosongo imekuwa ikifika Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2004, usiku na mchana, kusi na kaskazi. Na watalii wanaokwenda kutazama magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, hawakosi mashua.

Lipo lalamiko la pili, nalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote, ingawa halisemwi sana kwa sababu wananchi hawajui walipe jina gani. Ofisa mmoja huvaa kofia nyingi. Mume na mke wanapogombana hufika kwake kwanza ili awasuluhishe. Wakiwa mbele yake kama mbele ya mzee wa ukoo, hufungua vifua. Mke anakiri kwamba siku moja alimwacha mtoto kwa jirani akaenda ngomani. Mume anakiri kwamba alimpiga mkewe. Usuluhishi unashindikana, ofisa anaandika makubaliano ya matumizi, anayafuatilia, anamwandikia mume barua kali anapokosa kulipa. Mwishowe shauri linakwenda mahakamani, na mahakama inamwagiza ofisa huyo huyo achunguze na kutoa taarifa isiyoegemea upande wowote. Yale yaliyosemwa kwa nia ya kupatana yanarudi yakiwa yamepigwa chapa na kutiwa mhuri.

Mtu akilalamika hapo kwamba "aliyetusuluhisha ndiye aliyenishitaki," hatuwezi kumwambia amekosea. Waswahili walikwisha jua tangu zamani kwamba mshenga hawi hakimu. Sheria ya Ndoa inadai migogoro ipitie kwanza baraza la usuluhishi, na nia yake ni njema. Lakini usuluhishi hauwezi kuishi pale ambapo kila neno linahofiwa kuwa ushahidi. Tunajua jibu litakalotolewa: maofisa ni wachache, hatuna mwingine wa kumpa. Basi kwa mashauri ambayo ofisa wa Kilwa amekwisha yasuluhisha, taarifa iandikwe na ofisa wa Manispaa ya Lindi au wa Mtama, na yeye wa Kilwa awafanyie vivyo hivyo. Mkoa una halmashauri sita. Kubadilishana hivi kunahitaji barua ya Katibu Tawala wa Mkoa na nauli ya basi, basi.

Tatu ni elimu ya mahali. Chuo cha Ustawi wa Jamii, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, kimetoa watumishi wengi hodari, na wengi wao wamepangiwa kazi mbali na kwao. Hilo ni jambo zuri kwa taifa. Kijana wa Kagera kufanya kazi Kilwa ndiyo Tanzania tuliyoijenga. Lakini fomu anayokuja nayo inamwuliza "kipato cha mwezi," na mwambao huu haujui kipato cha mwezi. Mvuvi aliyekwenda dago hurudi na fedha au hurudi na deni. Mkulima wa ufuta hupata fedha mnada ukifanyika katikati ya mwaka, na wa korosho hungoja mwisho wa mwaka. Ofisa akifika kwa mkulima mwezi Februari ataandika kwamba hana uwezo. Akifika mwezi Julai ataandika kwamba anao, na matunzo yatapangwa kwa mwezi yasiyolipika ifikapo Februari. Mama naye huandikwa "hana kazi" hali analima mwani, anachokoa pweza bamvua linapotoka, na anasuka mikeka msimu mzima. Tumesikia wanawake wakilalamikia neno hilo kuliko jingine lolote katika taarifa, na wana haki. Neno "hana kazi" mbele ya hakimu ni sawa na kusema hawezi kumlisha mtoto ambaye amekuwa akimlisha miaka yote.

Na ukoo je? Wamwera, Wamakonde na Wayao wa mkoa huu kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama, na mjomba si jamaa wa pembeni. Ana kauli juu ya watoto wa dada yake. Ile amri ya serikali ya mwaka 1963 iliyozikusanya sheria za kimila iliandikwa kwa ajili ya makabila yafuatayo upande wa baba, yasemayo kwamba mtoto ni wa baba. Mtumishi aliyelelewa katika mila hiyo akimkuta mtoto kwa mjomba wake huko Mchinga au Rutamba anaweza kuandika kwamba mtoto "ametelekezwa kwa ndugu," kumbe yuko mahali ambapo jamii nzima inaona ndipo kwake. Hatusemi kwamba mila iwe juu ya sheria. Wapo wajomba wanaowatumikisha watoto, na ofisa akiona hivyo aandike bila kuona haya. Tunasema aandike alichokiona baada ya kukielewa.

Kwa watu wa pwani, wengi wao Waislamu, lipo pia suala la miaka saba. Limekaa vinywani mwa watu kwamba mtoto akitimiza miaka saba ni wa baba, na wapo akina baba wanaokwenda kumchukua mtoto siku hiyo kama anayechukua amana iliyoiva. Sheria ya Ndoa haisemi hivyo. Inasema kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba hukisiwa kuwa ni bora kwake akae na mama, na kwamba dhana hiyo inaweza kukanushwa kwa ushahidi. Baada ya umri huo hakuna mwenye haki ya moja kwa moja, bali maslahi ya mtoto ndiyo yanayotazamwa. Tena fiqhi ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi katika mwambao huu, haimkabidhi baba mtoto kwa kutimiza umri tu. Mtoto akipata akili ya kupambanua huulizwa achague kati ya wazazi wake. Kwa hiyo sheria ya nchi na fiqhi zinakutana mahali pamoja, kwamba mtoto asikilizwe. Ofisa ustawi anayeijua pwani angekuwa mwalimu bora wa jambo hili katika usuluhishi, na mashauri mengi yasingefika mahakamani. Akinyamaza, au akiukubali uvumi huo na kuuingiza katika taarifa yake, amewatendea watoto kosa kubwa.

Kumsikiliza mtoto nako kuna namna yake. Mtoto wa miaka tisa akiulizwa sebuleni kwa shangazi, shangazi akiwa mlangoni, atasema anataka kukaa na baba. Akiulizwa kesho yake kwa bibi mzaa mama, atasema anataka mama. Hajadanganya mahali popote. Amejibu kwa adabu ya nyumba aliyomo, kama tulivyomlea. Taarifa inayosema "mtoto ameeleza kwamba anataka kuishi na baba yake" bila kueleza aliulizwa wapi, na mbele ya nani, haifai kupokelewa.

Tusidhani kwamba matatizo haya ni ya nchi maskini tu. Norwei, nchi yenye fedha na maofisa wa kutosha, imehukumiwa mara kadhaa na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kwa namna watoto walivyotenganishwa na wazazi wao. Mojawapo ya hukumu hizo, ya Desemba 10, 2021, ilimhusu mama wa Kisomali, Mwislamu, aliyejifungua Kenya na kufika Norwei mwaka 2010 akiwa bado binti mdogo. Mtoto wake alichukuliwa akalelewa na familia ya Kikristo, kisha ikaamuliwa aasiliwe moja kwa moja na familia hiyo. Mama hakuomba hata arudishiwe mtoto, maana alikubali kwamba miaka imepita. Aliomba asikatwe kabisa na asili yake na dini yake. Mahakama ilisema haki ya maisha ya familia ilivunjwa. Maofisa wa kule hawakukosa mafuta wala boti. Kilichokosekana ni kuuona uzito wa kile ambacho mama yule alikuwa anakililia, na hilo halinunuliwi kwa bajeti.

Baada ya kuyasema hayo, ni lazima tuseme na upande wa pili, la sivyo tutakuwa tumeandika taarifa ya upande mmoja kama zile tunazozilaumu. Si kila lalamiko ni la kweli. Yupo baba asiyetoa senti kwa mwaka mzima, ambaye siku taarifa ikisomwa anasimama kusema ofisa amehongwa. Yupo mama anayemficha mtoto Mtwara kwa jamaa, kisha analalamika kwamba ofisa hakumwona mtoto. Wapo wanaotumia malalamiko kuchelewesha shauri, wakijua kama tulivyoeleza kwamba ucheleweshaji unamfaa aliyemshika mtoto. Na ofisa huyu anaishi miongoni mwetu. Anakutana sokoni na watu aliowaandika, na mji wa Masoko si mkubwa. Mtumishi anayeogopa kila lalamiko ataandika taarifa isiyosema kitu, kwamba wazazi wote wawili wanampenda mtoto na mahakama iamue inavyoona vyema. Taarifa ya namna hiyo haina faida kwa mtoto.

Ndiyo maana ni muhimu kutenganisha malalamiko ya aina mbili ambayo huku kwetu yamechanganywa. Mtu anapopinga maoni ya ofisa, mahali pake ni mbele ya hakimu. Mtu anapolalamikia mwenendo wa ofisa, kama kudai fedha, kutoa siri, kutukana au kukataa kumsikiliza, mahali pake ni kwa mwajiri. Uingereza, iliyounda chombo maalum cha kazi hiyo mwaka 2001 kiitwacho Cafcass, hufuata mgawanyo kama huo: ubishi juu ya yaliyomo katika taarifa hupelekwa mahakamani, na mwenendo wa mtumishi hushughulikiwa na ofisi yake.

Kwetu milango ipo, ila haina vibao. Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ndiye mwenye mamlaka juu ya ofisa wa wilaya. Kitaaluma yupo Kamishna wa Ustawi wa Jamii, katika wizara ambayo tangu mwaka 2022 inashughulikia maendeleo ya jamii, jinsia, wanawake na makundi maalum. Palipo na rushwa ipo TAKUKURU. Wengi hukimbilia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, mrithi wa ile Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya mwaka 1966, na Tume hiyo ilifungua tawi mjini Lindi. Lakini sheria yake hairuhusu kuchunguza jambo ambalo bado liko mahakamani. Mwananchi asiyejua hilo hupoteza nauli na miezi. Kwa hiyo, shauri linapoendelea, mlango wa hakika wa kuipinga taarifa ni mahakama yenyewe.

Na hapo mahakamani ndipo tunapoona upungufu unaoweza kuondolewa bila kungoja fedha ya mtu. Sheria imetaka mwenendo wa Mahakama ya Watoto uwe wa upole, wa kuulizana, usiomweka mtoto katikati ya mabishano. Ni busara. Lakini upole kwa mtoto usigeuke kinga kwa karatasi. Taarifa isomwe na wazazi kabla ya siku ya kusikilizwa, si siku hiyo hiyo ukumbini. Iwe kwa Kiswahili, maana tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na hakuna sababu mvuvi wa Kivinje asomewe hatima ya mwanawe kwa lugha asiyoijua. Ionyeshe tarehe ofisa alizofika kila nyumba, saa alizokaa, watu aliozungumza nao, nani aligharimia safari, na mtoto aliulizwa wapi. Kama hakufika, iandikwe wazi kwamba hakufika. Kisha mzazi aambiwe na hakimu, kwa maneno mepesi, kwamba anaweza kumwuliza ofisa maswali juu ya alichokiandika, na kwamba mahakama haifungwi na taarifa hiyo. Mzazi asiye na wakili, na wengi wetu hatuna, hawezi kulijua hilo asipoambiwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria. Maofisa watendaji wa kata za visiwani wabandike mbao za matangazo majina ya waliosajiliwa na mahali wanapopatikana.

Kwa wananchi wenzetu wa visiwani tuna ombi dogo pia. Ofisa akifika, asikutane na kijiji kizima kilichokwisha kubaliana cha kusema. Tunajua mshikamano wa kisiwa, na tunauheshimu, lakini mara nyingi mshikamano huo humlinda mwenye boti kubwa. Mwalimu wa shule, mhudumu wa zahanati na jirani wa ukuta mmoja ndio wanaomjua mtoto anavyoishi, waseme.

Yaliyobaki ni ya Halmashauri. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na makisio huandaliwa miezi mingi kabla. Kilwa hupata ushuru wa huduma utokanao na gesi ya kisiwa hicho hicho cha Songosongo, kwa hiyo hatuambiwi kwamba boti ya ofisa ustawi ni ndoto. Tunawaomba madiwani wa Songosongo, Kivinje, Pande na Lihimalyao waulize kwa maandishi katika kikao kijacho: ni kiasi gani kimetengwa kwa safari za uchunguzi wa mashauri ya watoto, ni safari ngapi zilifanyika visiwani mwaka uliopita, nani alilipia kila moja, na ni mashauri mangapi yaliahirishwa kwa kukosa taarifa. Majibu yakitolewa, tutayachapa katika safu hii.